Bendera Iliyokataa Kuchakaa

Mimi ni karani, na karani hana hasira. Si maneno yangu hayo. Yameandikwa katika Kanuni za Ofisi, ukurasa wa pili, chini ya kifungu kinachokataza kula samaki karibu na muhuri. Nimekaa kwenye kiti hiki miaka kumi na tisa bila kukasirika na bila kula samaki, kwa hiyo mtakayoyasoma hapa yachukueni kama taarifa ya mtu asiye na upande, asiye na neno na mtu, anayejipendea amani yake na chai ya tangawizi.

Ofisi yetu inaitwa Ofisi ya Wasiosemezana. Iko katika nchi ndogo ambayo haina adui kwa sababu hakuna anayeikumbuka, na iliundwa kwa ajili ya mataifa mawili, Tandavu na Zafarani, ambayo yamenuniana tangu baba yangu akiwa kijana. Ukiwauliza nani alianza, kila mmoja ana mwaka wake wa kuanzia kuhesabu. Wazafarani huanzia mwaka ambao Tandavu ilimng'oa waziri mkuu waliyemchagua wenyewe na kuwarudishia mfalme waliyekwisha kumchoka. Watandavu huanzia mwaka ambao Wazafarani waliwafungia wafanyakazi wa ubalozi wao ndani, wakakaa nao zaidi ya mwaka mzima. Ukimwuliza mmoja habari za mwaka wa mwenzake, atakwambia wakati huo alikuwa mdogo.

Kwa kuwa hawana balozi, karatasi zote za baina yao hupitia kwetu. Tuna madirisha mawili, la kushoto la Tandavu na la kulia la Zafarani, na katikati pana pazia zito ili macho yasikutane. Barua ikiingia tunaifungua, tunaisoma, tunaigonga muhuri, kisha tunailaza kwenye droo siku tisa za kazi ili ipoe. Waasisi wa ofisi waliona kwamba barua ikimfikia mtu ingali moto inaweza kumfanya ahisi kitu. Na siku za kazi zenyewe ni mbili kwa wiki. Wazafarani hupumzika Alhamisi na Ijumaa, Watandavu hupumzika Jumamosi na Jumapili, na sisi, kwa kuwa hatupendelei, tunapumzika pamoja na wote, halafu Jumatatu tunapumzika kwa niaba yetu wenyewe. Ukutani kuna bango kubwa: HARAKA HARAKA HAINA BARAKA. Mimi ndiye ninayelifuta vumbi.

*

Mzee Firuzi alikuwa mpaka rangi wa manispaa katika mji mkuu wa Zafarani, na kazi yake kubwa ya mwaka ilikuwa kuchora bendera ya Tandavu.

Msishtuke. Bendera hiyo huchorwa chini, juu ya mawe ya sakafu mbele ya lango la soko kuu, ili wananchi waikanyage wakiingia na kutoka. Sheria inasema bendera ya adui ichakazwe kwa nyayo za umma, na kuna idara nzima, Idara ya Kupima Uchakavu, inayokuja kila mwisho wa mwezi na rula kuona umma umekasirika milimita ngapi. Mkurugenzi wake ni Kanali Ardavani, mtu mwenye nyota nyingi mabegani kuliko zilizoko kwenye bendera anayoichukia.

Sasa Mzee Firuzi alikuwa fundi wa kweli, na fundi wa kweli hapindi mstari kwa sababu za kisiasa. Alipima kwa uzi. Nyota zote arobaini na saba alizichora kwa mkono, kila moja na ncha zake tano zilizolingana. Mimi nimeiona bendera ya Tandavu inayoning'inia kwenye dirisha letu la kushoto. Imechapwa kiwandani, mistari imekwenda upande. Bendera nzuri kuliko zote za Tandavu duniani ilikuwa Zafarani, chini, pembeni mwa muuza vitunguu.

Tatizo ni kwamba ilikataa kuchakaa. Mwezi wa kwanza rula ilisoma sifuri. Mwezi wa sita, sifuri. Kanali akamwita fundi.

"Mzee, umetia nini kwenye hii rangi?"

"Rangi ya kawaida, Kanali. Ile mliyonipa wenyewe."

"Watu elfu ishirini wanapita hapa kwa siku. Mbona inang'aa kama sahani ya harusi?"

Jibu lilikuwa chini ya miguu yao. Kila upande wa bendera mawe yalikuwa yamelika, yakafanya vijia viwili vyembamba vilivyoizunguka bendera na kukutana tena langoni. Watu walikuwa wanapita pembeni. Hapakuwa na mkutano wowote wa kukubaliana hivyo, kila mtu alijipitia tu. Kanali alimsimamisha mama mmoja aliyebeba mikate minne, akamwuliza kwa nini hakanyagi.

"Nina ugomvi gani na sakafu, baba?" yule mama alisema. "Hicho ni kitu cha watu. Kuna mama huko kwao anasimama mbele yake mwanawe akizikwa. Nipishe, mkate unapoa."

Kanali aliandika kwamba rangi imehujumiwa. Akaweka vyungu vya maua pande zote mbili kuviziba vile vijia. Watu wakaviruka vyungu, wazee kwa vijana, na mizigo yao kichwani. Akaandika tena kwamba hamasa ya umma imepanda kiasi cha kuruka.

Lakini msije mkadhani Wazafarani ni malaika. Yule mama wa mikate, ukimwuliza habari za Watandavu wenyewe, angekwambia kwamba kila Mtandavu huzaliwa na namba ya ujasusi, kwamba wazazi wao wakizeeka huwapeleka kwenye majumba ya kungojea kufa, na kwamba mtu wa huko akikuchekea anakupima urefu wa kaburi. Hajapata kumwona hata mmoja. Bendera yao aliistahi, wenyewe aliwaogopa, na hakuona kwamba mambo hayo mawili hayakai chungu kimoja.

*

Mzee Firuzi alikuwa mjane mwenye binti mmoja tu, Mahtabu. Binti alikwenda Tandavu kusoma kabla wanafunzi nao hawajafungiwa milango, akabaki huko akifanya kazi ya kukata vioo vya miwani katika mji mdogo. Mwaka ninaouzungumzia, figo zake zote mbili zilikufa. Mara tatu kwa wiki aliunganishwa na mashine ya kusafisha damu, na madaktari wakamwambia asiitegemee mashine muda mrefu kwa kuwa moyo nao umechoka. Baba yake alipimwa kwao Zafarani, vipimo vikapita kwetu, nikavigonga muhuri kwa mkono wangu. Figo ya baba na mwili wa binti vilipatana. Kilichobaki kupatana ni kila kitu kingine.

Jirani yake Mahtabu alikuwa Bi Lorna Piketi, mstaafu wa udereva wa basi la shule, mwanamke mwenye roho nzuri na pia namba ya polisi iliyobandikwa kwenye mlango wa jokofu. Aliposikia jirani anaumwa, alipika supu ya kuku, akaitia katika kibakuli cha plastiki chenye mfuniko wa buluu, akaiacha mlangoni. Huko Tandavu vibakuli vile ni vya kutupwa. Unampa mtu, anakula, anatupa, na hakuna anayelazimika kumfikiria mwenzake zaidi ya hapo.

Mahtabu alilelewa Zafarani, ambako chombo cha jirani hakirudi kitupu. Kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mtu kwamba wema wako umeishia kwangu, usije tena. Kwa hiyo mgonjwa yule, miguu imemvimba, alisimama jikoni, akakiosha kibakuli, akapika wali wa zafarani wenye zile punje nyekundu chachu ziitwazo zereshki, akakijaza mpaka juu na kukirudisha.

Bi Lorna alikitazama kibakuli kwa muda mrefu. Tangu azaliwe hajarudishiwa kibakuli cha plastiki. Kwa nini mtu arudishe kitu cha kutupwa? Na amekitia nini, mbona cha manjano, mbona kina vitu vyekundu? Televisheni ilikuwa imemwambia awe macho. Akapiga Namba ya Wenye Wasiwasi, ambayo ni ya bure na ina muziki mzuri wakati wa kusubiri.

Wakaja watu sita wenye mavazi meupe, wakaufunga mtaa kwa saa nne, wakauchukua wali kwa koleo. Mahtabu aliwaangalia kupitia dirisha lake. Ripoti nimeisoma, maana nakala ilipita kwetu. Walikuta mchele, siagi, zafarani na matunda madogo. Mwisho ripoti ikasema: "Hakuna kitu cha hatari kilichopatikana, jambo ambalo lenyewe linatia shaka."

Binti alimwandikia baba yake. Na baba, mtu mzima, anayejua kupima kila kitu kwa uzi, alimjibu hivi: "Mwanangu, usile chakula cha huyo mama. Hakuna Mtandavu anayepika supu bure. Wanataka kitu." Barua hiyo ilipoa siku tisa na haikupoa hata kidogo. Basi Bi Lorna alipoona haya kwa kuwaita wale wenye mavazi meupe na kupika supu nyingine, akaileta mwenyewe mkononi, Mahtabu aliipokea kwa tabasamu, akafunga mlango, akaitupa. Kibakuli alikirudisha kimejaa, kama desturi inavyotaka. Bi Lorna aliviona vipande vya kuku wake kwenye pipa la taka, akaumia, naye akautupa wali. Wiki iliyofuata alipika tena, maana hakutaka ionekane kwamba ameumia. Wakaendelea hivyo miezi miwili, na nadhani hakuna mapipa ya taka yaliyokula vizuri kama ya mtaa ule.

*

Mzee Firuzi alifika dirishani kwangu Jumanne moja, amesafiri siku mbili kwa basi, rangi ya buluu ingali kwenye kucha. Aliweka mbele yangu mfuko wa tini zilizokaushwa. Nikamwambia kanuni haziruhusu.

"Basi nitaziacha hapa nizisahau," alisema, akazisahau.

Alihojiwa kwa njia ya video na Bwana Hoskini, Afisa wa Tahadhari wa Tandavu. Watu wa kule wana adabu ya peke yake. Nadhani hata hukumu ya kunyongwa huifunga kwa kukutakia siku njema.

"Habari yako, Firuzi. Natumaini safari ilikuwa nzuri. Je, figo unayokusudia kuiingiza nchini mwetu imewahi kupata mafunzo ya kijeshi?"

"Nilitumikia jeshi miaka miwili, kwa lazima. Nilikuwa napaka magari rangi."

"Na figo ilikuwa nawe wakati huo?"

"Ilikuwa nami, bwana. Zote mbili."

"Nashukuru kwa uwazi wako. Je, ikishawekwa ndani ya mkazi wa Tandavu, itaendelea kuwa na utii kwa Zafarani?"

Mzee alinitazama mimi. Mimi nikalitazama bango.

"Bwana," alisema, "ni figo. Kazi yake ni mkojo."

Hoskini aliandika kwamba mwombaji amelikwepa swali la utii. Hata hivyo, alisema, Tandavu ni nchi yenye huruma, na ombi litapita iwapo raia mmoja wa Tandavu anayeifahamu familia hiyo atatia sahihi Fomu ya Udhamini, kurasa kumi na nne. Fomu ikishajazwa itoke Tandavu, ije kwetu, ipoe, kisha irudi Tandavu ofisini kwake. Ofisi yake iko mtaa wa tatu kutoka kwa Bi Lorna. Akamtakia siku njema sana.

Kwao Zafarani nako alihitaji kibali cha kuitoa figo nje ya nchi. Kamati ilikuwa chini ya Kanali Ardavani yule yule, maana bendera na figo zote ni mambo ya usalama. Kanali alihutubia.

"Figo ya Mzafarani si mali ya Mzafarani," alisema. "Imelishwa kwa mkate wa taifa, imenyweshwa maji ya mabwawa ya taifa. Leo figo, kesho ini, keshokutwa adui anatembea barabarani kwake akiwa amejaa sisi."

Walipiga makofi dakika nne. Kisha wakauliza ni figo ya upande gani. Mzee akasema daktari amependekeza ya kushoto. Wakauliza ya kulia ina nini. Ikaundwa kamati ndogo ya figo ya kulia, na mpaka leo haijakutana.

*

Hapo ndipo ilipotokea picha. Setilaiti ya Tandavu, iliyorushwa angani kwa kazi nyingine, ilimpiga picha Mzee Firuzi akiwa kazini langoni pa soko, amepiga magoti katikati ya bendera, brashi mkononi, anapaka upya, kama kila mwaka, nyota ya thelathini na mbili. Televisheni za Tandavu ziliionyesha wiki nzima, na Wazafarani, ambao hawaruhusiwi kutazama televisheni za Tandavu, waliitazama wote.

Barua mbili za kwenda kwa Mzee, aliyekuwa amerudi kwetu kufuatilia viza, zilinifikia Jumatano moja. Ya Hoskini ilisema: "Umeikanyaga bendera yetu kwa magoti." Ya Kanali ilisema: "Umempigia adui magoti." Nilizigonga muhuri ule ule, nikazilaza droo moja, kichwa kwa kichwa. Zilipopoa nikamsomea Mzee.

"Haichoreki kwa kusimama," alisema. "Waambie wajaribu."

Kibali cha Zafarani hakukingoja tena. Alipanga chumba nyuma ya ofisi yetu, figo zake zote mbili zikiwa tayari nje ya nchi bila ruhusa, na kilichobaki kikawa kimoja tu, viza, na viza ilingoja sahihi ya Bi Lorna.

Fomu ilikuwa mezani kwa Bi Lorna. Mahtabu aliipeleka mwenyewe kwa haya, ameiweka juu ya mfuniko wa buluu. Lakini televisheni ilikuwa imeikata ile picha, ikaacha bendera, mtu aliye juu yake na jina lake basi. Bi Lorna aliwaambia majirani, "Huyo ndiye baba mtu," akaisukuma fomu chini ya magazeti.

Wiki tatu zikapita, supu ikienda kama kawaida. Kisha akagundua kwamba kibakuli hakijarudi. Alijiambia ndiyo nafuu, akajiambia hivyo siku nne, ya tano akaenda kugonga. Mlango ulikuwa wazi. Mahtabu alikuwa amekaa sakafuni jikoni, ameshindwa kuinuka.

"Kibakuli chako nimekiosha," Mahtabu alisema. "Sijapata nguvu za kukijaza. Unisamehe."

"Kukijaza kwa nini? Ni cha kutupwa."

"Kwetu chombo hakirudi kitupu. Ni tusi."

Bi Lorna alikaa chini naye. "Mimi nilidhani unataka kunilisha kitu."

"Na mimi niliambiwa wewe unataka kitu."

"Supu yangu uliwahi kuila hata siku moja?"

"Hapana. Wali wangu je?"

"Nao hapana."

Wakacheka, na kicheko kikamchosha Mahtabu. Kisha Bi Lorna akasema lililokuwa likimkaba. Mwanawe wa kiume alirudishwa kutoka vitani akiwa amefunikwa bendera ile, na baba yake Mahtabu ameikalia kwa magoti. Mahtabu hakubishana. Alimpa simu yake, na kwenye simu palikuwa na picha nzima aliyoipata mtandaoni, ile ambayo haijakatwa.

"Usimtazame baba," alisema. "Tazama pembeni."

"Naona kama vijia viwili."

"Hiyo ni miguu ya watu wa kwetu. Miaka yote."

Bi Lorna aliitazama ile picha hadi kioo cha simu kikazima chenyewe. Akaenda kwake, akaitoa fomu chini ya magazeti, akatia sahihi kurasa zote kumi na nne na kuipeleka posta kwa miguu yake. Haya yote nayajua kwa sababu aliyaandika katika barua aliyoiambatanisha. Mwisho wa barua aliandika: "Madaktari wamempa wiki tatu. Tafadhalini."

*

Fomu ilinifikia Jumanne asubuhi. Niliisoma. Siku tisa za kazi, kwa siku mbili kwa wiki, ni zaidi ya wiki nne. Hesabu hiyo naijua. Nilikwenda kwa Mkuu wa Ofisi na karatasi mkononi.

"Tukiiharakisha," alisema, "Zafarani watasema tunaipendelea Tandavu."

"Lakini anayefaidika ni Mzafarani, mkuu."

"Basi Tandavu watasema tunaipendelea Zafarani. Ndugu yangu, kutopendelea ni kazi ngumu. Si kila mtu anaiweza."

Niliilaza kwenye droo. Ufunguo wa droo huwa mfukoni mwangu. Kila siku ya kazi Mzee Firuzi alikuja dirishani na kuniuliza kama imepoa, na mimi nikamjibu bado, kwa sauti nzuri, maana kanuni zinataka sauti nzuri. Siku ya saba ya kupoa, Mahtabu alifariki. Taarifa ya kifo haihitaji kupoa. Ilikuja moja kwa moja, nami nikamkabidhi baba yake dirishani, nikamwonyesha mahali pa kutia sahihi.

Mzee alirudi kwao. Viza yake ilitoka wiki mbili baada ya mazishi, na Hoskini akaandika chini kwa mkono wake, "Safari njema, na karibu sana." Zafarani nao hawakukaa kimya. Walimtunuku Nishani ya Viungo Kamili, Daraja la Pili, kwa kurejesha nyumbani figo zote mbili licha ya vishawishi vya adui. Sherehe ilikuwa langoni pa soko. Kanali alimbandika nishani kifuani, akamwonyesha bendera.

"Sasa, mzee, tembea juu yake. Wakuone."

Hata muuza vitunguu aliweka mizani chini. Mzee Firuzi alizitazama zile nyota arobaini na saba. Akageuka, akashika kijia cha kushoto, akavipita vyungu vya maua, akaenda zake. Na umati ukamfuata kwenye kijia kile kile, mmoja mmoja. Kanali aliandika kwamba umma ulilemewa na furaha ukashindwa kwenda moja kwa moja.

*

Ningeweza kuishia hapo, na mngekwenda kulala mkiwalaani wakubwa. Lakini kuna jambo langu.

Wiki ile ile kifurushi kiliingia dirisha la kushoto, kimetoka kwa Bi Lorna Piketi kwenda kwa Mzee Firuzi. Nilikifungua, kama kanuni zinavyotaka. Kilikuwa kile kibakuli chenye mfuniko wa buluu, kilichobaki kwenye sinki la marehemu. Mwanamke yule, ambaye maisha yake yote ametupa vibakuli, alikuwa amekijaza. Biskuti za mdalasini, kazioka mwenyewe. Ndani palikuwa na barua ya kurasa mbili.

Niliamua kufanya jambo jema. Miaka kumi na tisa sijafanya haraka hata mara moja, siku hiyo nilifanya. Barua haikuwezekana, barua lazima ipoe, nikailaza kwenye droo. Lakini nilipekua kanuni nzima na sikuona mahali paliposema biskuti zipoe. Nikalivuta pazia kwa mkono wangu, nikakipitisha kibakuli kutoka dirisha la kushoto hadi la kulia siku hiyo hiyo, nikafunga ofisi nikijisikia mwanadamu.

Upande wa Zafarani walikipeleka kwa Idara ya Kanali. Biskuti zilivunjwa moja moja, zikachujwa, zikachemshwa. Ripoti yao ilinifikia baadaye, nikadhani macho yananidanganya: "Hakuna kitu cha hatari kilichopatikana, jambo ambalo lenyewe linatia shaka." Neno kwa neno. Watu hawa hawajasemezana miaka arobaini na wanaandika sentensi moja. Biskuti zikateketezwa. Kibakuli, kwa kuwa si chakula na kina jina la mpokeaji, walikiosha vizuri wakakipeleka nyumbani kwake.

Basi Mzee Firuzi, aliyezikiwa binti bila kumwona, alifungua mlango akapokea kutoka Tandavu, kutoka kwa mwanamke ambaye sahihi yake ilichelewa, kibakuli kitupu. Kimeoshwa. Kimefunikwa.

Haya nimeyapata kwa jirani zake. Alivaa viatu vyake vya kazini, vile vyenye soli nene, akaenda sokoni, akavipita vyungu vya maua, akasimama katikati ya bendera, juu ya nyota alizozichora mwenyewe, akasugua. Alisugua mguu huu na mguu huu mpaka jasho likamtoka. Yule mama wa mikate alimtazama, akaweka mikate chini, akaenda kusimama karibu naye. Halafu mwingine. Jioni rula ilisoma milimita moja na nusu, na Kanali Ardavani akapandishwa cheo. Setilaiti nayo ilikuwa inapita. Siku iliyofuata Bi Lorna aliiona picha, na safari hii hapakuwa na haja ya kuikata.

Aliandika kwetu mstari mmoja. Kanuni zinamruhusu mwandishi kuiondoa barua yake ingali inapoa, na yeye anaiondoa, irudishwe ikachomwe. "Nilijua," aliandika.

Hakujua. Hakuna anayejua chochote. Hapo penye pazia palikuwa na mtu mmoja tu aliyeona ndani ya kibakuli na ndani ya droo, na mtu huyo alikuwa anafuta vumbi kwenye bango. Nimezila tini za Mzee Firuzi zote. Nimeuchana ukurasa wa pili wa kanuni. Nimeambiwa niirudishe barua ya Bi Lorna, sikuirudisha, ninayo hapa, na taarifa hii nimeitoa kwa madirisha yote mawili bila kuilaza hata siku moja.

Bi Lorna, walimpelekea kitupu. Mzee Firuzi, biskuti zilikuwamo. Zilikuwa thelathini na moja, nilizihesabu, na moja ilikuwa imevunjika ncha. Alizikata kwa umbo la nyota. Ufunguo nilikuwa nao mimi.